KISA NDANI YA PICHA: JE, PICHA YA KUPANGWA NI UWONGO?

Miongoni mwa sanaa zinazofundishwa vijana wetu siku hizi, upigaji picha ni sanaa inayotumiwa na wengi na kuhakikiwa na wachache. Shairi likichapishwa gazetini, wajuzi watapima vina na mizani yake. Mchezo ukichezwa jukwaani, watazamaji watatoka wakibishana juu ya wahusika. Lakini picha huangaliwa mara moja, husifiwa kwamba "imetoka vizuri", kisha hutiwa katika albamu au hupotelea ndani ya simu. Katika makala haya nakusudia kulitazama tawi moja tu la sanaa hiyo, nalo ni picha ya kisa iliyopangwa, yaani picha ambayo mpigaji hakuikuta njiani. Aliitunga kwanza kichwani, akachagua mahali, akatafuta waigizaji, akawavika, akawaweka katika mwanga alioutaka, ndipo akabonyeza kamera. Nitajaribu kulijibu swali moja: je, picha ya namna hiyo ni uwongo?

Swali hili sikulitafuta. Lililetwa nyumbani kwangu. Binti wa jirani, mwanafunzi wa upigaji picha katika chuo kimoja, alinijia jioni moja na bahasha yenye picha tano. Baada ya shikamoo na marahaba alinieleza kwamba hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho wa mwaka, na kwamba mwalimu wake amekataa kuisahihisha. Picha zile zilisimulia kisa cha mama anayesubiri barua ya mwanawe aliyekwenda mbali kutafuta kazi. Mama mwenyewe hakuwa mama wa kijana yeyote aliyepotea. Alikuwa bibi wa mtaani aliyeombwa aigize. Mwalimu alipolijua hilo akasema kwamba kamera ni shahidi, na shahidi hatungi.

"Mzee," binti akaniambia, "wewe unatunga mashairi juu ya watu wasiokuwapo, na watu wanakupongeza. Mbona mimi naambiwa nimesema uwongo?"

Sikuwa na jibu la haraka. Mimi ni mtunzi wa mashairi, lakini pia ni mtumishi wa serikali niliyekaa masjala miaka mingi, na masjala picha ni ushahidi. Picha iliyogandishwa kwenye jalada sharti iwe ya mwenye jalada. Ikiwa ya mwingine, hapo pana jinai. Basi nilijikuta nusu yangu i upande wa mwalimu na nusu i upande wa mwanafunzi. Makala haya ni jitihada ya kuzipatanisha nusu hizo mbili.

Picha ya kutunga si jambo geni

Wako wanaodhani kwamba picha ya kupangwa ni upotofu wa siku hizi, ulioletwa na sinema na simu za mkononi. Historia haikubaliani nao. Sanaa ya picha ilitangazwa rasmi kwa ulimwengu huko Ufaransa mwaka 1839, na mwaka uliofuata tu ikatokea picha ya kisa cha kubuni. Aliyeipiga aliitwa Hippolyte Bayard, naye alikuwa karani katika Wizara ya Fedha mjini Paris. Bayard alikuwa amegundua njia yake mwenyewe ya kupata picha juu ya karatasi, lakini serikali ilimtunza mwenzake, Daguerre, kwa kumpa malipo ya uzeeni, na Bayard akaachwa. Mwezi Oktoba mwaka 1840 alijipiga picha akiwa kifua wazi, amefumba macho, ameegemea ukuta, mfano wa maiti ya mtu aliyezama majini. Nyuma ya picha akaandika maelezo kwamba huyo ndiye Bayard, aliyejitosa majini kwa sababu ya kunyimwa haki yake. Bayard aliendelea kuishi hadi mwaka 1887.

Na tuulize: je, karani yule alidanganya? Hakuna aliyeweza kudanganyika, kwa sababu maiti haijipigi picha wala haiandiki maelezo. Alichokifanya ni kile anachokifanya malenga anapolalamika kwamba mapenzi yamemuua, hali kalamu i mkononi mwake. Tukio lilikuwa la kubuni, lakini malalamiko yalikuwa ya kweli, na tangu siku ile hadi leo hakuna aliyeyasikiliza malalamiko yake bila kwanza kuiona maiti ile.

Huko Uingereza mambo yalikwenda mbali zaidi. Mwaka 1857 Oscar Rejlander alionyesha mjini Manchester picha kubwa aliyoiita Njia Mbili za Maisha. Inamwonyesha mzee amesimama kati ya vijana wawili. Mmoja anaelekea upande wa kazi, elimu na ibada, na mwingine anavutwa na kamari, ulevi na anasa. Vifaa vya wakati ule havikuweza kuwapiga watu wote hao kwa mara moja. Kwa hiyo Rejlander aliwapiga kwa mafungu, akapata negativu zaidi ya 30, kisha akazichapa moja baada ya nyingine juu ya karatasi hadi zikawa picha moja. Malkia Victoria aliinunua nakala yake. Hata hivyo, kwa maoni yangu, picha ile ni hotuba kuliko kisa. Kila mtu ndani yake ni mfano wa tabia fulani, na hapana hata mmoja ambaye ungependa kujua kesho yake itakuwaje. Ni kosa linalofanana na la mshairi anayepanga mawaidha katika beti ishirini akadhani ametunga utenzi.

Mwaka uliofuata, 1858, Henry Peach Robinson alitoa picha ndogo zaidi kwa watu lakini kubwa zaidi kwa nguvu. Aliiunganisha kwa negativu tano. Msichana mgonjwa wa kifua kikuu amelala kitini, wanawake wawili wako karibu naye, na mwanamume ametupa mgongo, anatazama nje dirishani. Msichana yule hakuwa mgonjwa, aliigiza tu. Lakini watazamaji wengi walichukizwa, wakasema si vyema kuonyesha uchungu wa namna ile. Ajabu ni kwamba wachoraji wa zama hizo walikuwa wakichora vifo vya kila aina, na watu wakavitundika sebuleni. Kwa nini basi picha ya Robinson iliwauma? Iliwauma kwa sababu ya imani kwamba kamera haioni kisichokuwapo. Imani hiyo ndiyo mtaji mkubwa wa mpiga picha, na kama mitaji yote, yaweza kutumiwa kwa halali au kwa wizi.

Mahali uwongo unapoingia

Sasa tuutazame huo wizi, maana mwalimu wa binti yule hakuwa na hofu ya bure. Mwezi Julai mwaka 1863, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, yalipiganwa mapigano makubwa mahali paitwapo Gettysburg. Mpiga picha Alexander Gardner na wasaidizi wake walifika baada ya mapigano, wakapiga picha za wafu. Picha mojawapo ikawa mashuhuri mno. Inamwonyesha askari kijana wa upande wa Kusini amelala katikati ya mawe, kichwa kimeegemezwa, bunduki imesimamishwa ukutani kando yake. Gardner aliitoa katika kitabu mwaka 1866, pamoja na maelezo ya jinsi mlenga shabaha huyo alivyokufa polepole katika maficho yake.

Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 1975, mwanahistoria William Frassanito alichapisha utafiti wake juu ya picha za Gettysburg. Alionyesha kwamba maiti ile ile ilikuwa imepigwa picha kwanza mahali pengine, kisha ikachukuliwa umbali wa yadi 40 hivi hadi kwenye mawe yale yanayopendeza macho. Bunduki nayo haikuwa ya aina waliyoitumia walenga shabaha. Kwa hiyo kisa chote alichokisimulia Gardner kilitungwa juu ya mwili wa mtu asiyeweza kukana.

Hapa msomaji na atue kidogo, alinganishe. Bayard alijifanya maiti, na Gardner alihamisha maiti. Wote wawili walipanga. Lakini Bayard alitunga kwa mwili wake na kwa jambo lake, na utungo wake unajitangaza kuwa utungo. Gardner alitumia mwili wa mwingine, kisha akaapa mbele ya wasomaji kwamba ndivyo alivyoukuta. Kwa hiyo uwongo hauko katika kupanga peke yake. Unaingia pale mpigaji anapokiapia kisa cha kutunga kiapo cha ushahidi.

Pwani yetu nayo ilipata sehemu yake ya uwongo huo. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 studio za Unguja na za bandari nyingine zilipiga picha nyingi za watu wa mwambao, zikachapwa kuwa kadi za posta na kupelekwa Ulaya. Mwanamke aliwekwa mbele ya pazia lililochorwa, akapewa mtungi au kifaa kingine, akaelekezwa namna ya kukaa. Chini ya picha hakuandikwa jina lake; liliandikwa kabila lake, au neno "mwenyeji" tu. Aliyeipokea kadi ile London au Berlin aliamini kwamba ameyaona maisha ya Waafrika, kumbe ameona alichokipanga mtu mwingine kwa ajili ya soko. Ubaya wa kadi zile haukuletwa na lile pazia la rangi. Uliletwa na kwamba mwenye sura hakuwa na kauli juu ya kisa alichotiwa ndani yake, na mtazamaji akaambiwa hicho si kisa, ni hali halisi.

Pazia la studio kama mlango

Lakini pazia lile lile, mikononi mwa wenyewe, lilifanya kazi tofauti. Mwaka 1984, nilipomaliza darasa la saba, marehemu baba alinipeleka studio katika mji wetu mdogo. Mwenye studio alinivika koti lake lililonifika magotini, akaniketisha kando ya meza, akanipa mkono wa simu niushike sikioni. Waya wa simu ile ulikatika chini ya meza, haukwenda popote. Nyuma yangu ilichorwa ndege ikipaa juu ya minazi. Picha hiyo ninayo hata leo. Hakuna mtu katika ukoo wetu aliyepata kudhani kwamba nilipanda ndege mwaka ule au kwamba nilipigiwa simu. Walichokiona, na ndicho alichokilipia baba, ni dua yake juu yangu.

Wenyeji wa Mombasa watawakumbuka wapiga picha wa kivuko cha Likoni, ambao katika miaka ya 1990 walipamba vibanda vyao kwa michoro ya meli, ndege na majumba. Mtu aliyetoka bara kutafuta kazi alisimama mbele ya meli ile, akapigwa, na picha ikatumwa nyumbani kijijini. Huu nao ni utungo wa kisa. Una mhusika, una safari, una matumaini, na mtungaji wake mkubwa ni yule yule anayepigwa. Kwa hiyo mwanafunzi wetu anayepanga picha haigi wageni. Anaendeleza jambo ambalo wazazi wake walilifanya kila Sikukuu bila kulipa jina la sanaa.

Kijana wa Bangui

Kati ya Waafrika waliolikuza jambo hili hadi likawa sanaa kamili, sina budi kumtaja Samuel Fosso, kwa kuwa maisha yake yanawahusu wanafunzi moja kwa moja. Fosso alizaliwa Kumeruni mwaka 1962, akalelewa kwa jamaa zake Nigeria, akaonja akiwa mtoto taabu za vita vya Biafra. Baada ya vita alikwenda Bangui, katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, kukaa na mjomba wake. Huko alijifunza kazi ya picha kwa miezi michache tu, na mwaka 1975, akiwa na umri wa miaka 13, alifungua studio yake mwenyewe.

Mchana aliwapiga wateja. Jioni, filamu ikiwa imebakiza picha chache kabla ya kwisha, hakutaka kuzipoteza. Alifunga mlango, akavaa miwani myeusi, suruali pana na viatu vya kisigino kirefu, akasimama mbele ya mapazia yake na kujipiga mwenyewe. Baadhi ya picha alimpelekea bibi yake Nigeria, ajue kwamba mjukuu yu hai na mambo yake ni mazuri. Zile nyingine aliziweka. Kwa karibu miaka ishirini hakuna aliyeziita sanaa, mpaka zilipoonyeshwa Bamako mwaka 1994, katika maonyesho ya kwanza ya picha za Afrika mjini humo, zikampatia tuzo.

Mwaka 1997 Fosso alitengeneza mfululizo wa picha kwa ajili ya duka kubwa la Paris lililoitwa Tati. Mojawapo ni picha ya chifu aliyewauzia wakoloni Afrika. Fosso ndiye aliyeketi kitini, amejitanda ngozi ya chui, shingoni dhahabu tele, miwani usoni, na mkononi, mahali pa fimbo ya enzi, ameshika maua ya alizeti. Mtazamaji hucheka kwanza, kisha kicheko humkwama. Mimi huyasoma maua yale hivi: alizeti ni ua linalosifika kwa kuligeukia jua, na chifu huyu amemgeukia kila aliyeng'aa mbele yake. Hakuna maelezo marefu yaliyohitajika. Ua moja limefanya kazi ya beti nzima, na hiyo ndiyo tofauti kati ya pambo na ishara. Pambo ukiliondoa picha hupungua uzuri. Ishara ukiiondoa picha hupungua maana.

Mwaka 2008 alitoa picha 14 akijigeuza kuwa mashujaa wa watu weusi: Nkrumah, Lumumba, Mandela, Malcolm X, Martin Luther King na wengineo. Aliziiga picha zao zinazojulikana sana, hata ile ambayo King alipigwa na polisi akiwa na namba kifuani. Picha ya polisi ni ushahidi wa jalada, ambao mimi karani naujua vyema. Fosso ameichukua, akaivaa, akaifanya utenzi wa sifa. Wala hamdanganyi mtu, kwa sababu kila mtazamaji anajua kwamba huyu ni Fosso na yule alikuwa King, na umbali kati yao ndio unaomfikirisha.

Liko jambo moja zaidi. Mwanzoni mwa mwaka 2014, machafuko yalipoikumba Bangui, nyumba ya Fosso iliporwa, na negativu na picha zake zikatupwa njiani. Waliozikuta na kuziokoa ni wapiga picha wa habari waliokwenda kushuhudia vita. Naliona hili kuwa funzo kwa mwalimu na mwanafunzi pia. Watu wa kamera ya ushahidi waliinama mavumbini kuokota kazi ya kamera ya utungo, bila kuuliza kama ni ukweli au ni uwongo.

Na asiseme mwanafunzi kwamba kazi ya namna hii yahitaji mali nyingi. Fosso alitumia mabaki ya filamu. Huko Marekani, Cindy Sherman alishindwa somo lake la kwanza la upigaji picha chuoni kwa sababu hakuzimudu mbinu za uchapaji. Hata hivyo mwaka 1977, akiwa bado kijana wa miaka 23, alianza mfululizo wa picha ambamo yeye mwenyewe anaigiza wanawake wa sinema ambazo hazikupata kutengenezwa. Alivaa nguo kuukuu na nywele za bandia, akajipiga jikoni, ngazini na barabarani. Mfululizo ule, aliousimamisha mwaka 1980, ukanunuliwa mwaka 1995 na jumba kuu la makumbusho ya sanaa ya kisasa mjini New York. Hakuipa picha hata moja jina. Alizipa namba tu, ili kisa akimalizie mtazamaji.

Picha tano za barua

Tuzirudie sasa picha za binti wa jirani, tuzipime kwa fani na maudhui kama tunavyoupima utungo wowote.

Ya kwanza inaonyesha kuagana. Kijana ametupa mgongo, sanduku la bati mkononi, na mama mlangoni anajifuta machozi kwa kitambaa. Ya pili, mama yuko mbele ya masanduku ya barua ya posta. Kisanduku ki wazi, ndani hamna kitu. Ya tatu ni usiku: kandili mezani, mama ameketi, na mbele yake sahani mbili, moja ya kwake na nyingine imefunikwa kawa. Ya nne, barua imefika. Mama ameshika bahasha, na mtoto wa shule ameketi kando yake, tayari kumsomea. Ya tano ni kiti kitupu, na bahasha imewekwa juu yake.

Dhamira ya mfululizo huu ni nzito. Nyumba nyingi katika nchi yetu zinaijua. Lakini uzito wa dhamira haumwokoi mtunzi. Picha ya kwanza ilinichosha, kwa sababu kitambaa kile kilinisomea maana kabla sijaitafuta. Ya tano nayo ilikuwa kama kibwagizo kilichorudiwa baada ya watu kwisha kuelewa. Ya tatu ndiyo iliyonishika. Picha moja haiwezi kusimulia jana, leo na kesho kwa maneno, hivyo lazima izifiche ndani ya vitu. Kawa juu ya sahani inasema kwamba jana pia ilifunikwa, na kesho itafunikwa. Mama halii, anakula. Mshairi hujua kazi hii. Mshororo wa shairi una mizani kumi na sita, nane na nane, wala hakuna ruhusa ya kuazima mizani kwa jirani. Kinachoshindikana kusemwa humo hudokezwa. Ukingo wa picha ndio mizani ya mpiga picha.

Nilipofika picha ya nne nikacheka, nikamwuliza binti, "Mwanangu, barua hii imetoka wapi?"

"Imetoka mbali, mzee, kwa mwanawe."

"Kwa njia gani? Stempu yake haijagongwa muhuri."

Aliichukua picha, akaisogeza karibu na taa. Bahasha ilikuwa mpya kutoka dukani, kingo zake kali kama wembe, na stempu safi kana kwamba imebandikwa asubuhi ile. Jicho la mtu wa masjala halisamehe jambo la namna hiyo. Barua iliyosafiri hugongwa, hukunjika, huchafuka pembeni. Nikamweleza kwamba mwalimu wake alikosea mahali pa uwongo, lakini hakukosea kwamba uwongo upo. Bibi aliyeigiza si uwongo. Bahasha ile ndiyo uwongo. Picha ya habari inawajibika kwa tukio: je, lilitokea? Picha ya kisa inawajibika kwa maisha: je, ndivyo yalivyo? Hukumu ya pili si nyepesi kuliko ya kwanza. Pengine ni nzito zaidi, kwa kuwa mpiga picha wa habari aweza kusema "ndivyo nilivyokuta", hali mtunzi hana wa kumsingizia. Kila kilichomo ndani ya picha amekiweka yeye.

Binti aliniaga bila kusema mengi. Baada ya wiki mbili akarudi na picha ya nne mpya. Alikwenda kwa yule bibi kuuliza kama ana bahasha yoyote ya zamani. Bibi akafungua kasha lake, akatoa moja yenye muhuri wa posta wa mwaka 1991. Ilitoka kwa nani, binti hakuuliza, na katika picha upande wenye anwani umegeuziwa kifuani pa bibi, ambapo ndipo pake. Nikaziweka picha mbili kando kwa kando. Katika ile ya kwanza bibi ameikamata bahasha kama mtu anavyokamata risiti. Katika ile ya pili ameishika kwa mikono miwili, kwa kingo tu, vidole gumba vimejitenga na karatasi, kana kwamba wino ungeweza kufutika. Hakuna aliyemfundisha kushika vile.

Binti alikuwa ameziondoa pia picha ya kwanza na ya tano. Zilibaki tatu, na chini yake ameandika kwa mkono: "Kisa ni cha kutunga. Bahasha ni ya kweli." Alizipeleka chuoni hivyo, na mwalimu akazisahihisha. Alipata alama ngapi, sikumwuliza.

Neno kwa walimu na wanafunzi

Zamani ilitosha kumwambia mwanafunzi kwamba kamera haidanganyi. Leo haitoshi. Tangu mwaka 2022 zimeenea programu za kompyuta zinazounda picha ya mtu kwa kuandikiwa maneno tu, na mtu huyo hajapata kuzaliwa. Picha za namna hiyo hazina bibi, hazina kasha, wala hazina bahasha. Katika hali hiyo shule haiwezi tena kuyagawa mambo mafungu mawili, picha iliyokutwa kuwa ukweli na picha iliyopangwa kuwa uwongo. Yafaa mwanafunzi azoezwe kuuliza maswali matatu mbele ya picha yoyote, iwe yake au ya mwingine. Kwanza, picha hii imekula kiapo gani, cha shahidi au cha mtunzi? Pili, je, aliyemo ndani yake anajua yumo katika kisa gani, naye ameridhia? Tatu, je, kila kitu kilichomo kinayatii maisha kama tunavyoyajua?

Gardner aliyashindwa maswali yote matatu: alikula kiapo asichokitimiza, marehemu hakuulizwa, na bunduki haikuwa ya mlenga shabaha. Kadi za posta zilianguka katika la kwanza na la pili. Bayard alilishinda la kwanza kwa mzaha na la pili bila shida, maana alijiuliza mwenyewe. Fosso anayashinda yote. Na binti wa jirani alianguka katika la tatu kwa sababu ya stempu moja, akainuka.

Kwa walimu ningependa kusema kwamba zoezi la picha ya kupangwa ni zoezi zuri la uadilifu, kinyume cha inavyodhaniwa. Mwanafunzi anayenasa tu kinachopita aweza kubahatika. Mwanafunzi anayetunga analazimika kujua sahani hufunikwa kwa nini, mama hukaa upande gani wa meza, na barua hushikwaje na mtu aliyeisubiri. Hawezi kuyajua hayo bila kwenda kwa wenyewe, kuketi na kuuliza. Na akiisha kutunga, tusimruhusu aifiche kazi yake ndani ya vazi la habari. Na aandike chini, kwa maneno machache yaliyo wazi, kwamba ametunga.

Nilipokuwa nikiyaandika haya niliitoa picha yangu ya mwaka 1984 na kuitazama upya. Koti si langu, simu haina waya, ndege ni ya rangi ya maji. Lakini chini ya meza, karibu kabisa na ukingo, inaonekana ncha ya kiatu cha baba, aliyekuwa amesimama kando akinitazama. Mpiga picha hakumwona. Katika picha nzima, kiatu hicho peke yake hakikupangwa na mtu, nami nisingekubali kikatwe.